Hewa ni ya Bure, Kuisukuma Ndiko Kuna Gharama

Mazungumzo haya yalisomwa redioni juma lililopita. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wasikilizaji walioomba maandishi yake.



Juma hili nazungumzia kifaa kimoja cha gari ambacho wengi wetu hatujapata kukiona kwa macho, lakini ambacho kimekula fedha za ukoo wangu. Kinaitwa supachaja.

Mpwa wangu anaishi Houston, Texas, huko Marekani. Anafanya kazi zamu ya usiku katika ghala la mizigo. Ni kijana mchapakazi, hajasahau kwao, na nyumba ya mama yake iliyopanda hadi kwenye linta ni jasho lake. Lililobaki lilikuwa paa. Kabla ya paa, alinunua gari alilolitamani tangu utotoni, Mustang GT ya mwaka 2018, mkononi mwa mtu. Hakuna ubaya hapo. Mtu anayelala mchana na kukesha usiku miaka nenda miaka rudi ana haki ya kujipoza moyo. Kisha akaifunga supachaja. Juma la tano injini ikafa.

Dada yangu, mama wa kijana huyo, alinijia nyumbani jioni na simu mkononi. "Mdogo wangu," akaniambia, "wewe ni mtu wa redio, unajua kuuliza. Mwanangu ananiambia paa lingoje mwaka mwingine kwa sababu ya kitu cha kupuliza hewa. Hewa si ya bure? Kitu cha kupuliza hewa kimekulaje bati zangu?"

Swali hilo nililiona zuri kuliko mengi ninayoulizwa na wasomi. Nililichukua. Nilizungumza na mpwa wangu kwa simu siku tatu mfululizo, nikafungua vitabu vya ufundi, na nikaenda Gerezani hapa Dar es Salaam kwa fundi mmoja mzee wa malori aniweke sawa. Leo natoa majibu.

Jiko na mvukuto

Tuanze jikoni. Ukiwasha mkaa ukauacha, utawaka kwa kadiri ya hewa inayoufikia. Ukitaka ukolee upesi unachukua kipepeo. Mhunzi naye ana mvukuto wake. Mkaa ni ule ule, ila hewa imesukumwa, na chuma kinakuwa chekundu.

Injini ya petroli ni jiko. Ili kilo moja ya petroli iungue vizuri inahitaji karibu kilo 15 za hewa. Petroli ni kimiminiko, kuiongeza ni kazi ya pampu na nozeli. Hewa ndiyo ngumu. Kilo 15 za hewa zinajaza chumba kidogo chenye upana wa mita 2, urefu wa mita mbili na nusu na dari ya mita mbili na nusu. Yote hiyo ipite ndani ya silinda ili kuunguza kilo moja tu ya petroli!

Injini ya kawaida huipata hewa hiyo kwa kuvuta. Pistoni inashuka, kama bomba la sindano linavyovuta dawa, na hewa ya nje inaingia kwa uzito wake yenyewe. Pwani, uzito huo ni karibu ratili 14.7 katika kila inchi moja ya mraba. Ukipanda mlima, hewa inakuwa nyepesi. Katika mji wa Denver huko Marekani, ulio mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, injini ile ile hupoteza karibu sehemu moja kwa sita ya nguvu zake. Nairobi iko juu zaidi ya hapo, na dereva anayetoka Mombasa na mzigo anayajua haya bila kufundishwa.

Sasa mtu anayetaka nguvu zaidi ana njia tatu. Aunde injini kubwa zaidi, aizungushe upesi zaidi, au aisukumie hewa. Wamarekani wa miaka ya 1960 walichagua ukubwa. Walichukua injini za silinda nane, nyingine zikafika lita 7, wakazitia katika magari ya bei ya kadiri yenye milango miwili. Ndipo likaja jina la magari ya misuli. Wajukuu wa magari hayo ni Mustang, Camaro na Challenger za karne hii. Mustang GT ya 2018 ina injini ya lita 5 tu, lakini inatoa nguvu farasi 460 bila kusukumiwa hewa yoyote.

Supachaja ndiyo njia ya tatu. Ni mvukuto wa chuma unaokaa juu ya injini au ubavuni, unazungushwa na mkanda kutoka kwenye puli ya krenki, na unaisukuma hewa ndani kwa nguvu. Wenye malori mnaijua tabo. Hiyo ni ndugu yake. Tofauti ni kwamba tabo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye ekzosi, na supachaja huzungushwa na injini yenyewe. Ndiyo sababu tabo hukawia kidogo kuamka unapokanyaga mafuta, na supachaja huwa macho wakati wote.

Ukiongeza upepo wa ratili 8, kipimo kile kile cha upepo wa tairi, juu ya zile 14.7 za hewa ya kawaida, umeongeza hewa kwa zaidi ya nusu. Kwa hesabu ya karatasi, nguvu nazo zitapanda hivyo hivyo. Kampuni ya Roush ya Michigan ilitangaza nguvu farasi 700 kwa supachaja yake ya Mustang GT ya 2018. Kutoka 460 hadi 700 kwa kazi ya siku mbili tatu gereji! Kijana gani hatashawishika?

Kifaa cha wahunzi

Kifaa hiki si kigeni wala si cha juzi. Ndugu wawili wa ukoo wa Roots, katika mji wa Connersville, jimbo la Indiana, walikata hati ya uvumbuzi ya mashine yao ya kusukuma hewa mwaka 1860. Kazi yake ilikuwa kupeleka upepo kwenye tanuri za chuma na ndani ya migodi. Kwa hiyo mfano wangu wa mhunzi sikuutunga. Supachaja ilianza ikiwa mvukuto hasa, miaka 25 kabla ya gari la petroli. Mjerumani Gottlieb Daimler aliandika hati ya kusukumia injini hewa mwaka 1885, na kufikia mwaka 1921 Mercedes zenye supachaja zilionyeshwa Berlin.

Lakini kisa cha zamani kinachotufaa zaidi ni cha Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1920 dereva mmoja wa mashindano, Sir Henry Birkin, aliifunga supachaja kwenye Bentley ya lita nne na nusu. Mwanzilishi wa kampuni, W.O. Bentley, hakupendezwa. Yeye aliamini katika injini kubwa isiyosukumiwa hewa. Gari la Birkin lilikuwa la kasi ya kutisha na hadi leo linapendwa sana. Lakini katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans ya mwaka 1930, Bentley zenye supachaja hazikumaliza. Iliyoshinda ni Bentley ya kawaida ya lita sita na nusu. Supachaja ilitoa mbio ilizoahidi. Mashine iliyozungukwa nayo ndiyo iliyoshindwa kuvumilia.

Weka kisa hicho akilini, maana kilitokea tena Houston, kwa udogo wake.

Kula kabla ya kuzaa

Gharama ya kwanza ya supachaja ni chakula chake yenyewe. Injini ndiyo inayoizungusha, kwa hiyo kabla haijakupa kitu inachukua kwanza. Watengenezaji wa Dodge Challenger Hellcat, gari lililotoka kwa mwaka wa 2015 likiwa na nguvu farasi 707, walieleza kwamba supachaja yake ikiwa katika kazi kamili hula karibu nguvu farasi 80. Hizo peke yake ni sawa na injini nzima ya gari dogo la familia, zinaishia kwenye mkanda. Mkanda ukiteleza, au kigoe cha kuukaza kikiwa dhaifu, unapoteza ulichonunua.

Gharama ya pili ni joto. Umewahi kujaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono? Shika chini ya pampu ile baada ya kumaliza. Inaunguza. Hewa ikigandamizwa inapata moto, hiyo ni sheria ya maumbile na haina msamaha. Kwa hesabu ya kawaida, hewa iliyoingia kwenye supachaja ikiwa na nyuzi 30 za Selsiasi, ikisukumwa kwa ratili 8, hutoka ikikaribia nyuzi 87. Ndugu zetu wa Muscat na Dubai, ambako magari haya ya misuli yana wapenzi wengi na mchana wa kiangazi hupita nyuzi 45, wataipata ikiwa zaidi ya nyuzi 100.

Hewa ya moto ina mambo mawili mabaya. Kwanza imetanuka, kwa hiyo sehemu ya faida imepotea. Pili, inaisogeza petroli karibu na kulipuka kabla ya wakati wake. Hapo ndipo inapohitajika intakula. Kwa supachaja nyingi za Mustang, intakula ni rejeta ndogo iliyo ndani ya njia ya hewa, inapitiwa na maji yake yenyewe, na maji hayo husukumwa na pampu ya umeme hadi kwenye rejeta nyingine mbele ya gari ili yapoe. Tayari tumeongeza rejeta mbili, pampu, mipira na maji. Tulisema tunaongeza hewa tu.

Gharama ya tatu ni petroli. Hewa ikizidi, petroli nayo lazima izidi, tena injini ya kusukumiwa hewa hupewa petroli nyingi kidogo kuliko ile kilo moja kwa 15, ili ziada ipoze chumba cha moto. Injini ya nguvu farasi 460 ikikanyagwa hadi mwisho inakunywa karibu lita mbili na nusu kwa dakika. Ya nguvu farasi 700 inakaribia lita nne na robo kwa dakika. Tangi la Mustang GT linabeba lita 60 hivi. Ungeweza kuishikilia hivyo, ungelimaliza kwa dakika 14. Hakuna anayeendesha hivyo barabarani, lakini hata kwa sekunde kumi, petroli hiyo ni lazima ifike. Ikichelewa, balaa.

Na balaa ndiyo iliyompata mpwa wangu.

Puli ndogo

Nataka nimtendee haki. Hakuanza vibaya. Alinunua supachaja kamili pamoja na vifuasi vyake, kwa dola zaidi ya 8,000. Ndani ya masanduku mlikuwa na nozeli kubwa zaidi za petroli, intakula, plagi za joto la chini na programu mpya ya kompyuta ya injini iliyopangwa kwa upepo ule ule na kwa petroli ya kiwango cha juu. Alimlipa fundi, fundi akafunga kwa utaratibu. Majuma manne gari lilikwenda kama upepo wa kaskazi. Angeishia hapo, leo ningekuwa nazungumzia jambo jingine.

Rafiki yake mmoja akamwambia kwamba mwendo wa supachaja unategemea ukubwa wa puli yake. Punguza puli, supachaja itazunguka upesi zaidi kwa mwendo ule ule wa injini, na upepo utapanda. Ni kweli kabisa. Puli yenye kipenyo kilichopungua kwa sehemu moja katika kumi huizungusha supachaja kwa asilimia 11 zaidi. Ni kipande cha chuma kinachoenea katika kiganja, na bei yake mbele ya supachaja si kitu. Mpwa wangu alikifunga mwenyewe siku ya Jumapili uani kwake. Programu hakuigusa. Pampu ya petroli hakuigusa. Mafunzo ya gari alikuwa nayo, ila subira ndiyo iliyokosekana.

"Mjomba," aliniambia kwa simu, "lilivuta vizuri kuliko siku zote. Hilo ndilo lililonidanganya."

Juma moja baadaye, akitoka kazini alfajiri, aliingia barabara kuu akakanyaga mafuta hadi mwisho katika gia ya tatu. Mshale ukapita mizunguko 6,500 kwa dakika. Akasikia mlio kama vijiwe vinavyotikiswa ndani ya kopo. Kabla hajaondoa mguu, nyuma kukawa na moshi mweupe unaoelekea ubuluu, na gari likaanza kutetemeka. Fundi alipofungua injini alimpigia picha pistoni moja. Ilikuwa imetoboka katikati, kama bati lililopigwa msumari.

Nilipompelekea yule mzee wa Gerezani picha ile, hakuuliza hata ni gari gani. "Hii ilikosa mafuta," alisema. "Watu wanadhani mafuta mengi ndiyo huunguza pistoni. Mafuta machache ndiyo huunguza."

Alinieleza hivi. Katika injini nzuri, plagi inawasha moto upande mmoja na moto unatembea kwa mpangilio hadi upande wa pili, ukiisukuma pistoni chini kama mkono unavyosukuma mlango. Hewa ikizidi, joto likizidi na petroli ikipungua, kile kilichobaki pembeni hakingoji moto ukifikie. Kinalipuka chenyewe. Sasa pistoni haisukumwi tena, inapigwa nyundo. Ndio mlio ule wa vijiwe, na ndiyo hali ambayo mafundi wetu wanasema injini inanoki. Kwa injini ya kawaida, kompyuta husikia mlio huo na kurudisha nyuma muda wa moto wa plagi, na injini inapona. Kwa injini iliyosukumiwa hewa, mapigo machache yanatosha.

Na kwa nini petroli ilipungua? Pampu ilikuwa imefika mwisho wa uwezo wake. Chini ya mizunguko 6,000 ilimudu. Juu ya hapo, supachaja ilileta hewa ambayo pampu haikuwa na petroli ya kuilisha. Gari halikumwonya, kwa sababu katika mwendo wa kawaida kila kitu kilikuwa sawa. Mwenye kujua angesoma upungufu ule kwenye kompyuta akilijaribu gari polepole juu ya mashine ya kupimia nguvu. Yeye alijaribia barabarani, gizani.

Ford walifanyaje?

Mtu anaweza kusema, kijana alikosea puli, asingekosea mambo yangekuwa salama. Ni kweli kwa sehemu. Lakini tazama jinsi waundaji wa gari hilo hilo walivyofanya walipotaka supachaja ndani ya Mustang kutoka kiwandani. Mwaka 2020 Ford walitoa Mustang Shelby GT500, yenye injini ya lita 5.2, supachaja na nguvu farasi 760. Tuilinganishe na GT ya kawaida ya kizazi hicho.

Injini ya GT hugandamiza hewa yake mara 12 ndani ya silinda. Huo ni mgandamizo mkubwa, unaofaa injini inayovuta hewa yenyewe. Ya GT500 ilishushwa hadi mara 9.5, makusudi, ili kuiachia nafasi hewa inayokuja ikiwa imekwisha gandamizwa. Pistoni na konrodi ni za kufua, kama jembe la mhunzi, kwa sababu kitu cha kufua huvumilia pigo. Gia boksi ni nyingine kabisa, ya gia saba na klachi mbili. Propela shafti ni ya nyuzi za kaboni. Mdomo wa mbele ulipanuliwa ili rejeta zipumue. Na diski za breki za mbele zina kipenyo cha milimita 420, wakati GT ya kawaida ina milimita 352.

Kwa nini breki? Kwa sababu nguvu ya gari linalokwenda haipandi pamoja na mwendo, inapanda kwa mraba wake. Gari likiwa kilomita 140 kwa saa lina karibu mara mbili ya nguvu lililokuwa nayo kwenye kilomita 100, na yote hiyo breki ndizo zitakazoigeuza joto. Supachaja inakufikisha 140 kabla hujamaliza kufikiri. Nani atakurudisha?

Sasa sikiliza bei. Mwaka 2020 GT ya kawaida ilianzia dola elfu 35 na ushei. GT500 ilianzia dola elfu 72 na ushei. Tofauti ni zaidi ya dola 35,000. Mpwa wangu alitumia dola 8,000 na zaidi kidogo akapata karibu nguvu zile zile. Ni kweli ndani ya tofauti hiyo mna faida ya kampuni na bei ya jina. Lakini kubwa zaidi ni bei ya vitu visivyoonekana, vile vinavyoziwezesha zile nguvu 760 kuwaka leo, kesho na mwaka ujao, halafu kusimama.

Ford walikuwa wamejifunza somo hili zamani. Walipotia supachaja kwenye Mustang Cobra ya mwaka 2003, waliacha bloku ya aluminiamu wakarudi kwenye bloku ya chuma cha kusubu, nzito, na konrodi za kufua. Mtu wa kawaida angeona wanarudi nyuma. Mhandisi aliona wanajenga msingi kabla ya ghorofa.

Mwenye kutaka afuate nini

Sisemi supachaja ni kitu kibaya. Maelfu ya watu huko Marekani wanazo na magari yao yanakwenda. Nimewauliza mafundi kwa simu na nimemuuliza mpwa wangu, ambaye sasa amesomeshwa na hasara, na utaratibu wao unafanana.

Kwanza, gari likaguliwe kabla ya kununua hata bolti moja. Silinda zote zipimwe mgandamizo. Supachaja haiponyi injini mgonjwa, inaiharakishia kaburi.

Pili, mtu aamue nguvu anazotaka, kisha asizivuke. Pampu, nozeli na programu huchaguliwa kwa hesabu ya nguvu hizo. Ukibadili puli, umebadili hesabu nzima, na gari lirudi kwenye mashine ya kupimia.

Tatu, udhaifu unaojulikana utibiwe mapema. Kwa injini hizi za Mustang, meno ya oili pampu ya kiwandani yamewahi kuvunjika kwenye magari mengi yaliyoongezwa nguvu, na oili ikikatika injini haina dakika. Wenye hekima hubadili meno hayo kwa ya chuma imara injini ikiwa imefunguliwa. Klachi ya kawaida nayo huteleza, na shafti za magurudumu ya nyuma hukatika mtu akiondoka kwa fujo juu ya tairi zinazoshika sana.

Nne, tairi na breki viwe kwenye bajeti ya mwanzo, si ya mwakani. Dodge waliitolea Hellcat funguo mbili. Nyekundu ilifungulia nguvu zote 707, na nyeusi ilizuia gari lisipite nguvu farasi 500. Waundaji wenyewe walijua kwamba si kila mkono, wala si kila siku, unafaa nguvu zote.

Tano, sheria. Huko Marekani jimbo la California haliruhusu supachaja ya kuongeza ambayo haikupata namba ya kibali cha hewa safi kutoka bodi ya jimbo. Kuhusu dhamana ya gari jipya, sheria ya mwaka 1975 haimruhusu mwuzaji kuifuta yote kwa sababu tu umeongeza kifaa. Lakini akionyesha kwamba kifaa hicho ndicho kilichovunja, mzigo ni wako. Na pistoni iliyotoboka inajieleza yenyewe.

Mwisho, ziwepo fedha za ajali. Mzee wa Gerezani aliniambia kanuni yake, na aliisema akipangusa mikono: kama huna fedha ya kununua injini nyingine leo hii, usiongeze nguvu kwenye hiyo uliyo nayo.

Jibu la dada

Nilirudi kwa dada yangu Jumamosi. Nilimweleza habari ya jiko na kipepeo, akaelewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi. Nilipofika kwenye pampu iliyoshindwa kuleta petroli akanikatiza.

"Yaani alikoleza moto," akasema, "sufuria ikiwa na maji kidogo."

Ndivyo hasa. Injini iliyotumika pamoja na gharama ya kuifunga na kulivuta gari vilizidi bei ya supachaja. Mpwa wangu aliiuza ile supachaja kwa mtu mwingine, kwa karibu nusu ya bei aliyonunulia, ili alipe deni. Leo Mustang yake ina nguvu 460 zile zile za kiwandani, na ananiambia zinamtosha kufika ghalani. Fedha za bati ameanza kuziweka tena, moja moja. Dada amefunika kuta kwa makuti na turubai zisilowe masika haya.

Ndugu msikilizaji, si wengi wetu watakaofunga supachaja. Lakini ni wangapi wamenunua lori la tani saba wakalipakia tani kumi na mbili kwa breki za tani saba? Wangapi wamepandisha ghorofa ya tatu juu ya msingi wa moja? Kitu kinachoongeza nguvu huwa na bei iliyoandikwa dukani. Bei ya kuzibeba nguvu hizo haiandikwi popote, mnunuzi ndiye wa kuiuliza. Dada yangu aliuliza, ila aliuliza baada ya bati kuliwa.

Hadi juma lijalo, kwaherini.